Dar hadi Guangzhou: piga hesabu ya masaa mwenyewe kabla hujalipa tiketi

"Dada, kutoka hapa mpaka Guangzhou ni masaa mangapi?"

Nakata tiketi Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na swali hili huwa nalisikia mteja hata kiti hajavuta. Na mimi humuuliza: masaa gani, tajiri? Ya ndege kuwa angani, ya kwenye tiketi, au ya kuanzia unafunga duka hadi unatua begi hotelini? Kwa ndege ya moja kwa moja, angani ni kumi na nusu hadi kumi na moja. Kwenye karatasi ya tiketi, safari hiyo hiyo inaweza kuonekana kama masaa kumi na sita. Mlango kwa mlango, ukiwa umeunganisha ndege, siku nzima imekwenda. Zote tatu unaweza kuzipata mwenyewe kwa kalamu na kipande cha karatasi. Ukishajua zinavyopatikana, wakala akikuletea tiketi ya ajabu utaishtukia hapo hapo, hata kama wakala huyo ni mimi.

Anza na umbali, maana huo haubadiliki. Mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun kule Guangzhou, China, ni takriban km 8,710. Mezani kwangu nina globu ya shule, ile ya kipenyo cha sentimita 30, ambayo watoto wa wateja huichezea wazazi wao wakibishana bei. Hiyo inatosha kuhakikisha. Mzunguko wa dunia ni kama km 40,000, na mzunguko wa globu hii ni sentimita 94, kwa hiyo kila sentimita moja ni kama km 425. Shika uzi wa kushonea, bana ncha moja kwa kidole pale Dar, vuta hadi Guangzhou mpaka ukaze kabisa, halafu uupime kwa rula. Utapata sentimita 20 na nusu. Zidisha kwa 425: 8,712.

Usiutoe uzi bado, utazame umepita wapi. Unatoka Dar kuelekea kaskazini-mashariki, unakata Bahari ya Hindi moja kwa moja, na nusu ya safari inatimia ukiwa bado juu ya maji, mbele kidogo tu ya pwani ya Kerala. Unaingia India jirani na Kozhikode, unatokea upande wa pili karibu na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengal, kisha Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na kaskazini mwa Vietnam, ndipo unaingia China. Rubani hafuati uzi huo kama reli. Zipo njia za anga zilizopangwa, zipo nchi za kuombwa ruhusa ya kupita, na yapo mawingu ya radi ya kukwepwa. Ongeza asilimia chache kwenye umbali wako na utakuwa karibu na ukweli.

Asiye na globu atumie Google Earth kwenye simu, ina kifaa cha kupimia umbali. Ramani bapa ya ukutani nayo unaweza kuipima kwa rula, na kwa safari hii haitakudanganya sana, kwa sababu haiendi mbali sana na Ikweta. Ila usiizoee. Ukipima Dar hadi Toronto kwa rula juu ya ramani ya namna hiyo, unajiongezea zaidi ya km 400 ambazo hazipo.

Sasa umbali tuugeuze masaa. Boeing 787, ndege ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia kwenda Guangzhou moja kwa moja, ikishakaa sawa angani huenda kama km 900 kwa saa. Lakini haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo. Inajivuta kwenda kwenye njia ya kurukia, inapanda, inashuka, inasubiri zamu ya kutua, kisha inatembea ardhini mpaka mahali pa kuegesha. Tiketi huhesabu yote hayo, tangu ndege inaposogea kutoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kule. Kwa hiyo mimi hugawa umbali kwa 850, halafu naongeza nusu saa. 8,710 kwa 850 ni masaa 10 na robo. Ongeza nusu, masaa 10 na dakika 45. Dar hadi Dubai, km 3,980, inakuja masaa matano na dakika kumi. Dar hadi Addis Ababa, km 1,760, masaa mawili na dakika 35. Linganisha na ratiba yoyote, utakuta tofauti ni ya dakika tu. Kanuni hii ni ya ndege kubwa za jeti. Usiende nayo kwenye zile za mapangaboi za Bukoba na Kigoma, zile mwendo wake ni mwingine.

Kitu kingine kinachosogeza masaa ni upepo. Wazee wa majahazi walijua kusi inakupeleka na kaskazi inakurudisha, ila hizo ni pepo za juu ya maji. Kule juu, kilomita kumi na kitu kutoka ardhini, hasa ukishafika usawa wa kaskazini mwa India na kusini mwa China, upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mkali zaidi kati ya Desemba na Februari. Ukienda unakusukuma. Ukirudi unakupinga kifuani. Ndiyo maana kurudi huchukua muda mrefu zaidi, nusu saa hivi na wakati mwingine hata saa nzima, japokuwa njia ni ile ile na ndege ni ile ile. Mteja anayelalamika kwamba rubani wa kurudi alikuwa mzembe, mimi namhesabia upepo.

Tuje kwenye saa za ukutani, ambako ndiko watu wanakoliwa vichwa.

China nzima, pamoja na upana wake wote, ina saa moja tu, ya Beijing, na iko mbele yetu kwa masaa matano. Mwaka mzima ni matano. Wao hawasogezi saa msimu ukibadilika na sisi hatusogezi, tofauti na Uingereza, ambako miezi yao ya baridi ni masaa matatu nyuma yetu na miezi ya joto ni mawili. Kwa hiyo ukiona tiketi inasema unaondoka Dar saa 17:00 na unafika Guangzhou saa 08:45 kesho yake, usihesabu masaa 15 na dakika 45 ukaanza kuogopa. Toa matano: umebaki na masaa 10 na dakika 45, ile ile hesabu yetu ya uzi.

Kwa tiketi ya kuunganisha kuna njia ya mkato ninayompa kila mtu. Achana na saa za katikati. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, Addis Ababa, Nairobi na Doha ziko sawa na sisi, na ukianza kujumlisha na kutoa kwa kila kituo utapotea. Chukua saa ya kuondoka Dar, chukua saa ya kufika Guangzhou, hesabu katikati yake, toa matano, basi. Ukirudi unajumlisha matano.

Kazi kubwa zaidi ni kuitafsiri saa ya tiketi iwe saa yetu. Tiketi zote huandikwa kwa saa 24, na sisi kichwani tunahesabu kuanzia macheo. Ya mchana haisumbui, 13:00 kila mtu anajua ni saa saba. Shida ni zile za baada ya saa sita usiku, na ndege nyingi za mbali huondoka muda huo. Chukua tiketi iliyoandikwa 01:15, Jumatano tarehe 15. Hiyo ni saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumatano. Mteja anasoma "Jumatano", anasoma "saa saba usiku", na kichwani mwake anaiona Jumatano itakayopita mchana wote kisha ije usiku. Kumbe Jumatano mchana ndege yake ilishaondoka zamani. Nilimkatia mama mmoja wa mikoba tiketi ya namna hiyo. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaniaga: "Basi mwanangu, Jumatano nashinda dukani, jioni naenda kujiandaa." Nikamwomba airudishe. Tangu zamani ninayo kalamu nyekundu ya kazi hiyo, na juu ya karatasi yake niliandika kwa herufi kubwa: UWE AIRPORT JUMANNE SAA NNE USIKU. Ya airline iliyochapishwa sikuifuta, ila niliizungushia duara ili asiitazame.

Fanya hivyo hivyo na yako. Ukiona saa inaanza na 00, 01, 02 au 03, rudi nyuma masaa matatu, andika siku na saa ya kuwa uwanjani kwa maneno ya nyumbani, na umsomee mtu mwingine kwa sauti.

Sasa njia ipi. Kutoka Dar, kama huendi moja kwa moja, wengi hupitia Addis Ababa, Dubai, Doha au Nairobi. Watu hubishana sana hapa dirishani kwangu kwamba Dubai ni kuzunguka, Addis ndiyo njia ya karibu. Vuta uzi. Dar hadi Addis km 1,760, Addis hadi Guangzhou km 8,040, jumla 9,800. Dar hadi Dubai 3,980, Dubai hadi Guangzhou 5,830, jumla 9,810. Yaani ni kitu kimoja! Masaa ya angani nayo yanakuja yale yale, kama 12 na nusu kwa zote mbili. Kupitia Doha unafika kama km 10,000, na kupitia Nairobi ni fupi zaidi, km 9,350 hivi. Hata hiyo Nairobi inakupunguzia kwa Addis km 450, yaani nusu saa ya kuruka. Nusu saa hiyo unaimaliza kwenye foleni ya kukaguliwa mkanda na viatu.

Kwa hiyo kinachotofautisha tiketi moja na nyingine ni muda utakaokaa chini ukisubiri. Tuseme unaletewa mbili. Ya kwanza inaondoka Dar Jumatatu 17:00 na kufika Guangzhou Jumanne 14:00. Katikati yake ni masaa 21, toa matano, 16. Angani ni 12 na nusu, kwa hiyo utasubiri kama matatu na nusu, vizuri kabisa, unakula, unaswali, unanyoosha miguu. Ya pili inaondoka Jumatatu hiyo hiyo 17:00 na kufika Jumatano 00:30, na ni rahisi kwa dola 80. Hesabu: masaa 31 na nusu, toa matano, 26 na nusu. Utakaa kwenye kiti cha chuma masaa 14. Umeokoa dola 80 kwa masaa kumi na nusu ya ziada, chini ya dola nane kwa saa moja. Halafu ongeza ambayo wakala hakukuambia: ukimaliza uhamiaji, treni za chini ya ardhi zimeshafunga na huenda ikabidi taksi, na chumba unalipia usiku mzima kwa kulala nusu yake. Chakula cha uwanjani je? Mara nyingi zile 80 zimekwisha kabla hujafika kitandani. Mimi tiketi ya pili namuuzia mtu akisisitiza, lakini namsomea hesabu hii kwanza.

Kusubiri kufupi sana nako kuna ubaya wake. Chini ya saa moja na nusu mimi sikati, labda nijue uwanja ni mdogo. Na hapa kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko dakika: hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya bukingi. Ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine, na begi lako linakwenda lenyewe hadi mwisho. Ukiunga tiketi mbili za mashirika mawili kwa kuwa umeona bei nzuri kwenye simu, ya pili ukiikosa imeungua. Tena huenda ukatakiwa kutoka nje kuchukua begi na kulikabidhi upya, na kutoka nje kwenye nchi ya watu kunaweza kutaka viza ambayo huna. Watu wanaokuja kwangu wakiwa na hasira karibu wote wana tiketi za namna hiyo.

Pima pia unafika saa ngapi ya mwili wako. Kufika Guangzhou saa moja asubuhi yao ni saa nane usiku ya Dar. Jua linawaka, madereva wanapiga honi, na wewe kichwani ni usiku wa manane. Hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana. Kwa mfanyabiashara anayekwenda mara ya kwanza, napendelea tiketi inayomfikisha mchana: anapata chumba, anaoga, anatembea kidogo pale Xiaobei ambako atasikia Kiswahili kabla hajamaliza mtaa, halafu analala usiku wao. Mzoefu anaweza kufika asubuhi na kwenda sokoni moja kwa moja. Huyo hanihitaji kwa ushauri.

Mlango kwa mlango sasa. Kutoka Kariakoo hadi Terminal 3 ni kama km 12 kwa Barabara ya Nyerere. Usiku ni nusu saa. Saa kumi na moja jioni siku ya kazi, hata na daraja la juu la Tazara, tenga saa moja na nusu. Uwanjani uwe masaa matatu kabla, maana dirisha la kukabidhi mizigo hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka na hapo hakuna kubembelezana. Kule Guangzhou, uhamiaji wanachukua alama za vidole, begi linasubiriwa, na Baiyun iko kama km 30 kutoka katikati ya mji. Weka masaa mawili na nusu tangu ndege isimame hadi hotelini. Ukitumia treni, laini namba 3 inafika uwanjani. Jumlisha kwa ile tiketi ya kwanza: moja na nusu, tatu, 16, mbili na nusu. Masaa 23. Kwa ndege ya moja kwa moja ni kama 18. Hayo matano ndiyo unayonunua unapolipa zaidi, na kwa mtu wa miaka sitini mwenye magoti mabovu mimi humwambia alipe.

Tarehe nazo zikague kabla hujatoa hela. Maonyesho ya biashara ya Canton, pale pale Guangzhou, hufunguliwa Aprili 15 na Oktoba 15, na siku hizo ndege hujaa na hoteli hupanda. Mwaka Mpya wa Kichina viwanda hufungwa, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu yao ya taifa. Ukienda wakati huo umeruka km 8,710 kwenda kutazama mageti yenye makufuli. Kati ya Mei na Septemba mvua za radi Guangzhou huchelewesha ndege, na kuanzia Julai kuna vimbunga pia, basi siku ya kurudi usijipangie kikao asubuhi ya kutua. Ratiba zenyewe hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tiketi uliyokata mapema ikivuka tarehe hizo, iulizie tena, saa inaweza kuwa imesogezwa na ujumbe umeenda kwenye barua pepe usiyoifungua.

Kurudi, hesabu inageuka. Tiketi ikisema unatoka Guangzhou 14:00 na kufika Dar 20:30, inaonekana kama masaa sita na nusu na mtu anafurahi kwamba kurudi ni karibu. Ongeza matano: kumi na moja na nusu, upepo umeshachukua chake. Saa mbili na nusu usiku unatua, ila kwa mwili wako ni saa saba na nusu usiku, na bado kuna mkanda wa mabegi na forodha. Mwambie dereva aje saa tatu na nusu, na kontena lako halina haraka, linakuja kwa meli.